Namna ya kuchagua karte za elektroniki za kokpiti ya simuleta ya ndege, kwa anayejengea nyumbani hapa L'shi (Lubumbashi)

Bandugu, kila mara mtu akiona picha ya kokpiti yangu swali la kwanza ni lile lile: "Yaya, umetumia karte gani?" Na mi kila mara nauliza pia, kokpiti yako itakuwa na swichi ngapi? Hapo mtu ananyamaza. Hajahesabu bado. Anataka jina la karte kwanza ndiyo aende kununua, na namuelewa kabisa kwa sababu njo vile nilianza hata mi, nikatuma dola nje, nikangojea miezi mitatu, karte ikapita mpaka wa Kasumbalesa ikafika salama bila hata mkwaruzo, na siku ya kuifunga nikakuta haitoshi. Ilikosa nafasi moja ya kuunga swichi. Moja tu.

Kwa hiyo hapa naandika ile ningependa mtu aniambie kabla sijatuma zile dola. Nimejenga kokpiti ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ndani ya chumba kimoja kwetu Kamalondo, mbao za seremala wa mtaa, kiti cha gari ya zamani, na karte nne. Si karte moja kubwa, ni nne ndogo, sababu yake itaonekana mbele.

Kwa wale ambao ndio wanaingia leo: karte (wengine wanaita bodi) ni kile kipande cha elektroniki kinachokaa katikati ya swichi zako na kompyuta. Swichi yenyewe ni bubu, inaunga waya mbili ama inazitenganisha, basi. Karte njo inaangalia "swichi ya 7 imefungwa" halafu inaambia kompyuta kwa USB. Na kama simuleta inataka kuwasha taa kwenye dashibodi yako, karte ndiyo inapokea ile habari na kupeleka umeme kwenye taa.

HATUA YA 1: Chukua daftari uhesabu, falanga zibaki mfukoni

Weka picha ya dashibodi ya ndege yako mbele yako, picha kubwa inayosomeka, halafu andika kila kitu ambacho kidole kitagusa. Usisema "hii nitaongeza nyuma", andika saa hii. Hesabu yangu ya Cessna ilikaa hivi.

Swichi za kuwasha na kuzima: ALT (jenereta), BAT (betri), pampu ya mafuta, taa za nje BCN, LAND, TAXI, NAV na STROBE, halafu PITOT HEAT (joto la kipimo cha mwendo) na zile mbili za avionics (elektroniki za ndege), jumla 11. Ufunguo wa injini una sehemu 5 (OFF, R, L, BOTH, START) na kila sehemu inakula nafasi yake. Flaps, vile vipande vya nyuma ya mabawa, ni 4, yaani digri 0, 10, 20 na 30. Kichaguzi cha tanki ni 3: kushoto, zote mbili, kulia. Tuko 23 na mtu anafikiri amemaliza, kumbe redio bado. COM (redio ya kuongea) moja ina buto mbili za kuzungusha, moja ndani ya nyingine, kila moja inakula nafasi 2 kwa sababu karte inapaswa kujua umezungusha upande gani, hizo ni 4, na buto ya kubadilisha masafa ni 1, jumla 5. NAV (redio ya kuongoza njia) vile vile 5. 23 na 10 ni 33.

Karte niliyongojea miezi mitatu ilikuwa na nafasi 32.

Na hapo sijahesabu transponda (inayotambulisha ndege kwa rada), ambayo ina buto 8 za namba kwa sababu namba zake zinatoka 0 mpaka 7, haina 8 wala 9. Sijahesabu buto ya kuweka presha ya altimita (kipimo cha kimo), sijahesabu ile ya heading (mwelekeo), kila moja 2 tena. Tunafika 45. Ukishapata jumla yako ongeza robo juu yake, maana utakumbuka kitu, kila mjenzi anakumbuka kitu.

Halafu kwenye ukurasa mwingine andika akse. Akse ni kitu kinachotembea polepole toka mwanzo mpaka mwisho, si cha kuwasha na kuzima. Usukani kushoto-kulia, usukani mbele-nyuma, pedali za rudder (usukani wa mkia), breki ya mguu wa kushoto, breki ya mguu wa kulia, gesi, mixture (leva ya kupima mafuta kwa hewa), trim (gurudumu la kusawazisha pua). Ni 8.

Hapa nisimame kidogo kwa mixture kwa sababu nimeona watu wanaifanya buto mbili za kubonyeza ili kuokoa akse, na kwetu hapa hiyo ni kosa. Luano, uwanja wetu wa ndege, iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi ama ya Dar es Salaam, na injini ya Cessna isiyo na turbo, ukisukuma mixture yote ndani ukiwa Luano, inapata mafuta mengi kuliko hewa na inakosa nguvu ya kuruka vizuri. Rubani wa huku anavuta mixture kidogo kidogo huku anaangalia RPM (mizunguko ya injini) zikipanda, anaacha pale zinapofika juu kabisa. Hiyo kazi mkono unaifanya kwa leva, haiwezekani kuisikia kwa buto. Simuleta nzuri zinaijua hewa ya Luano na zitakuadhibu. Kwa hiyo mixture ipate akse yake kamili.

Ukurasa wa tatu ni vitu vinavyowaka na vinavyojisogeza vyenyewe: taa za onyo (mafuta kidogo, presha ya oili, vakyumu, volti), namba za redio, na kama una moyo, saa za mishale (vipimo vya dashibodi). Kwa redio hesabu tarakimu. COM inaonyesha masafa mawili, ile unatumia na ile inangoja, kila moja tarakimu 6, jumla 12. NAV tarakimu 5 mara mbili, 10. Utaona baadaye kwa nini nakuambia kuhesabu tarakimu moja moja.

HATUA YA 2: Tenganisha kuingiza na kutoa

Hii ni fupi lakini njo inaangusha watu wengi. Kuna karte zinazosikiliza tu, yaani zinapokea swichi na akse na kupeleka kwa kompyuta, basi. Haziwezi kuwasha hata taa moja ya simuleta. Na kuna karte zinazosikiliza na kuongea, zinapokea swichi na pia zinawasha taa, zinaandika namba, zinazungusha moteri ndogo. Mtu ananunua ya kwanza akifikiri ni ya pili, anafunga swichi zote kwa usafi, halafu anatafuta wapi atachomeka taa ya LOW FUEL na hapana mahali. Kurasa zako za kwanza mbili ni za kusikiliza, ya tatu ni ya kuongea. Kama ukurasa wa tatu uko mtupu, kazi yako iko rahisi na bei yako iko chini.

HATUA YA 3: Jua simuleta yako kabla ya karte

Kama unatumia Microsoft Flight Simulator ama X-Plane kwenye Windows, kuna programu inaitwa MobiFlight, ni ya bure, na inafanya karte za Arduino (karte ndogo za kupewa programu) ziongee na simuleta bila wewe kuandika kodi (maagizo ya programu) hata mstari mmoja. Unaiambia tu pini (mguu wa kuunga waya) ya 22 ni swichi ya BCN na inamaliza. Kwa wanaorusha ndege za vita kwenye DCS World kuna DCS-BIOS, nayo ya bure na ya Arduino.

Kama unatumia FlightGear, na mi nawaheshimu sana wanaoitumia kwa sababu ni ya bure kabisa na inaenda hata kwenye Linux na kompyuta ya kawaida, basi njia rahisi ni karte ya aina ya joystick, ile kompyuta inaiona kama usukani wa kuchezea. FlightGear inaweza kuongea na Arduino kwa kable ya serial lakini hapo utaandika faili za protokole mwenyewe, si kazi ya wiki ya kwanza. Pia fikiria intaneti yako, Flight Simulator ya Microsoft inavuta picha za dunia kwa mtandao wakati unaruka na mega zinaisha kama maji, X-Plane na FlightGear zinaweka mandhari kwenye diski.

HATUA YA 4: Zifahamu karte zenyewe

Nianze na zile za bure. Klavie ya zamani ya USB, ile ambayo herufi zimefutika, ndani yake kuna karte ndogo. Ukiifungua na kulehemu waya (sisi tunasema kusude) kwenye migusano yake, kila swichi inakuwa kama herufi ya klavie. Manette ya USB ya kuchezea, zile za bei ndogo, ndani yake kuna potensiometa 4 (vile vya kuzungusha kama cha sauti ya radio) na buto kama 12. Kijana asiye na kitu aanze hapo bila haya, atajifunza kulehemu kwenye kitu kisicho na uchungu kikiungua. Ila ujue mipaka: manette nyingi za vile zinahesabu akse kwa ngazi 256 tu, na klavie haipendi swichi inayobaki imewashwa, inafikiri umelalia herufi.

Halafu kuna karte za joystick kamili. Unachomeka, kompyuta inaiona kama joystick, hakuna kodi. Zinazojulikana sana ni za Leo Bodnar wa Uingereza. BU0836A na BU0836X zote zina akse 8 za biti 12 na nafasi 32 za buto, tofauti ni kwamba A inataka ufunge buto kwa matriksi na dayodi (naeleza kwenye Hatua ya 5), X kila buto ina tundu yake na waya unausukuma ndani bila kulehemu. BBI-32 ni ya buto peke yake. Ni karte nzuri kwa kweli, ukiwa na ndugu anayetoka Ulaya na nafasi kwenye mzigo wake mwambie akuletee moja kwa ajili ya akse zako.

Kwa nini akse? Sikiliza hii hesabu kwa sababu hapa watu wanabishana bila kupima. Karte ya biti 12 inagawanya mwendo wa potensiometa kwa ngazi 4,096. Arduino ya kawaida ina biti 10, ngazi 1,024. Mtu atasema 1,024 inatosha, na ingetosha kama usukani wako ungezungusha potensiometa toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini potensiometa ya kawaida inazunguka kama digri 300 na pedali yako pengine inaizungusha digri 60, yaani moja ya tano. Kwa biti 10 unabaki na ngazi kama 200, na kwenye kutua utasikia pua ya ndege inaruka ruka kama gari kwenye barabara ya mashimo. Kwa biti 12 unabaki na 800 na zaidi, mkono hausikii kitu. Ama uweke gia ndogo ili potensiometa izunguke zaidi, hiyo pia ni njia na seremala mzuri anaweza kukutengenezea ya mbao ngumu.

Arduino Mega 2560 njo ng'ombe wa kazi yetu. Pini 54 za dijitali (za swichi na taa) na 16 za analogi (za akse), na hizo 16 pia zinaweza kupokea swichi. Pini 0 na 1 uziache, zinatumika kuongea na kompyuta, zinabaki 68. Mega inasikiliza na inaongea. Ila yenyewe kompyuta haiioni kama joystick, inapita kwa MobiFlight. Kwa dashibodi na redio sijaona kitu kinachoishinda kwa bei yake.

Pro Micro na Leonardo zina chipu ATmega32U4 ambayo inajua USB yenyewe, kwa hiyo zinaweza kujifanya joystick kwa kutumia maktaba ya Joystick ya Arduino. Pro Micro ina pini 18, ni ndogo kama kidole, inaingia ndani ya usukani. Mi yangu iko pale, inashika buto ya kuongea na ya trim. Uliza ile ya volti 5, kuna nyingine ya volti 3.3 zinafanana kama mapacha. Na ile tundu yake ya USB inang'oka haraka sana, siku unaipata, kabla ya kitu chochote, izungushie gundi ya moto ama epoksi.

Uno? Inakubalika na MobiFlight lakini pini zake 20 zinaisha kabla hujafika kwenye redio. Kama unayo tayari itumie kujifunza.

Raspberry Pi Pico ilitoka 2021 kwa dola 4, ina pini 26, na MobiFlight inaikubali. Nzuri, lakini inaishi kwa volti 3.3, ukiipelekea volti 5 kwenye pini unaiua, na ina nafasi 3 tu za analogi. Blue Pill yenye chipu STM32F103 ukiweka programu ya FreeJoy inakuwa joystick ya akse 8 za biti 12 na buto mpaka 128, kwa bei ya sahani ya chakula, njo naipendekeza kwa akse kama huna wa kukuletea toka Ulaya. Utahitaji kile kijiti kinaitwa ST-Link ili kuipa programu mara ya kwanza, agiza vyote pamoja.

Kuna pia PoKeys za Slovenia zenye pini 55, kuna karte za OpenCockpits za Uhispania ambazo moja inapokea swichi 72 na kutoa 45, kuna Phidgets za Kanada. Ni kazi nzuri ya watu wanaojua. Lakini mi nauliza swali moja: ikiungua siku ya ijumaa, ijumatatu utapata nyingine wapi hapa? Mega unaipata kwa vijana wanaotengeneza telefone na kwa wanafunzi wa elektroniki, hata kama si mpya. Ndiyo sababu kokpiti yangu ina karte nne ndogo: moja ya akse, Mega mbili, na Pro Micro moja. Ikilala moja, ndege inabaki na nyingine tatu.

HATUA YA 5: Matriksi na dayodi, usiruke hii

Swichi 64 hazihitaji pini 64. Unazipanga kwa mistari 8 na nguzo 8, karte inatumia pini 16 tu, inauliza mstari kwa mstari. Hiyo ni matriksi. Ina ugonjwa mmoja. Siku ya kwanza nilipomaliza dashibodi mdogo wangu alikaa kwenye kiti akaanza kuwasha, mara akaniita: "Yaya, nimegusa BCN lakini LAND njo imewaka!" Nikafikiri waya zimechanganyika. Nilitumia usiku mbili kufuata waya moja moja na zote zilikuwa sawa.

Ugonjwa ni huu: ukiwa na swichi tatu zimefungwa ambazo zinakaa kwenye pembe tatu za mstatili ndani ya matriksi, umeme unazunguka nyuma kupitia hizo tatu na karte inaona pembe ya nne imefungwa pia. Kwenye klavie ya kuandika haisumbui sana, nani anabonyeza herufi tatu pamoja. Lakini kokpiti ni swichi za kubaki, ukiwa angani nusu yake imewashwa muda wote, kwa hiyo swichi za mzimu zinajaa. Dawa ni dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) moja kwa kila swichi, 1N4148, zote zikiangalia upande mmoja. Agiza 100 pamoja, ni bei ndogo sana. Dayodi za radio mbovu pia zinafanya kama ni za aina hiyo, zipime kwa multimita kwanza.

Buto za kuzungusha za redio usiziweke ndani ya matriksi. Zinatoa mipigo ya haraka na karte ikiwa bado inauliza mstari mwingine inakosa baadhi, unazungusha mara 10 inahesabu 6. Zipe pini zake moja kwa moja. Kama karte yako ni Mega una pini za kutosha, huna haja ya matriksi kabisa mpaka upite 60, na kwa mtu wa kwanza mi nasema fanya hivyo: pini moja swichi moja, upande mwingine wa swichi zote unaungwa kwa masi (waya wa hasi) moja. Waya nyingi lakini akili inatulia.

Kwa namba za redio kuna chipu MAX7219. Moja inabeba tarakimu 8 na inatumia waya 3 tu toka kwenye karte, na unaweza kuzifunga moja nyuma ya nyingine kwa waya zile zile 3. Ndiyo maana nilikuambia hesabu tarakimu: 12 za COM na 10 za NAV ni 22, yaani chipu 3 zinatosha kwa hesabu, lakini zikija kwenye vipande vya tarakimu 8 tayari ni rahisi kuchukua 4 na kila dirisha la redio lipate kipande chake.

HATUA YA 6: Moto

Hapa L'shi huwezi kuongelea karte bila kuongelea moto, yaani umeme wa nyumbani. Mega yangu ya kwanza haikufa kwa kosa la waya. Moto ulikatika nikiwa nimetoka, ukarudia na nguvu, ukakatika, ukarudia tena, na niliporudi nyumbani kulikuwa na harufu.

Tangu siku hiyo kokpiti nzima iko kwenye multiprize moja yenye swichi moja. Moto ukikatika tu, mtu yeyote aliye nyumbani anazima ile swichi, hata mama anajua. Ukirudia tunangoja dakika tano, tukiona balbu haichezi njo tunawasha. Kabla ya multiprize kuna regilateri (ya kusawazisha volti). Wakati wa mvua, toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, radi ikianza hatutegemei swichi, tunachomoa. Kama unatumia kompyuta ya kubeba iachie betri ifanye kazi. Na kuna kitu kidogo kinaitwa USB izoleta chenye chipu ADuM3160, kinakaa kati ya kompyuta na karte, umeme haupiti ila habari tu, karte ikipigwa kompyuta inabaki. Mi ninayo moja na ingekuwa ya kwanza kununua kama ningejua.

Sasa hesabu ya ndani. Tundu ya USB 2.0 inatoa miliampea 500, si zaidi. Taa moja ya LED nyekundu inataka kama volti 2, umeme wa Arduino ni volti 5, ukiweka rezistansi ya omu 330 unapata karibu miliampea 9. Taa 20 ni 180. Na chipu ya Mega yote haipaswi kupita miliampea 200 kwa jumla, hata kama kila pini inavumilia 20 vizuri. Kwa hiyo taa 20 tayari uko kwenye ukingo. Taa zikizidi tumia MAX7219, inabeba mpaka 64, ila yenyewe ichukue umeme wake pembeni.

Servo (moteri ndogo) za saa za mishale usizilishe kwa karte kamwe. Ikianza kusukuma inakula mamia ya miliampea na karte inazima na kuwaka yenyewe. Chukua alimantasio (kile kisanduku cha umeme) ya kompyuta kubwa ya zamani, zimejaa kwa watengenezaji, waya nyekundu ni volti 5, njano ni 12, nyeusi ni masi, na ukiunga waya ya kijani kwa nyeusi inawaka. Usiifungue ndani, inabeba umeme mbaya hata ikiwa imechomolewa. Umeme wa pembeni uende kwa servo, na masi yake uiunge na masi ya karte, usipoiunga servo zitatetemeka tu bila kutii. Volti 12 usiipeleke karibu na pini ya karte. Mi natumia waya za kable ya intaneti kwa kila kitu, zina rangi 8, na nilikata kanuni yangu: kahawia ni masi, siku zote.

HATUA YA 7: Kununua

Kama unaagiza China ama Dubai kwa kupitia wale wanaokusanya mizigo, unalipa kwa kilo, na karte hazina uzito, kwa hiyo agiza mbili za kila aina. Moja ni ya kazi, moja inalala. Ukinunua mjini, nenda na kompyuta yako ama muombe muuzaji aichomeke mbele yako, uone taa inawaka na kompyuta inaitambua. Mega nyingi si za asili, zina chipu ya USB inaitwa CH340, zinafanya kazi vizuri lakini Windows ya zamani inataka draiva, ishushe nyumbani mapema. Kabla hujasema karte imekufa badilisha kable, kable nyingi za telefone ni za kuchaji tu, hazina waya za habari, na nimeona mtu anarudisha karte nzima mara mbili kwa sababu hiyo.

Kwa akse, potensiometa uchukue iliyoandikwa B10K, ile B ni ya mwendo sawa, A ni ya sauti ya radio na itafanya gesi yako ijae mwanzoni ama mwishoni. Na vumbi letu la kiangazi linaingia ndani yake, baada ya mwaka inaanza kurukaruka. Sensa za Hall hazigusani na kitu, ni sumaku tu, zinavumilia vumbi. Usukani na pedali nilizibadilisha zote kuwa Hall na sijazigusa tena.

HATUA YA 8: Jaribu mezani kabla ya mbao

Usifunge karte kwenye mbao siku inafika. Iweke mezani, unga swichi moja, taa moja, buto moja ya kuzungusha, uone simuleta inatii. Iache ikiwaka kwa muda wa saa mbili, iguse, kama inachoma kuna kosa. Halafu ndiyo ufunge, kwa vise (skurubu) ndogo na vipande vya plastiki chini yake ili isiguse chuma.

Kila waya ibandike kartasi yenye namba ya pini, na ile namba iandike kwenye daftari: pini 22 BCN, pini 23 LAND, mpaka mwisho. Faili ya MobiFlight ikopi kwenye kle USB. Karte ya akiba uipe programu yake siku ile ile, uifunge kwa kartasi kavu, uiweke kwenye kopo. Yangu iko kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na daftari iko chini yake. Mwezi wa mvua uliopita Mega ya redio ililala nikiwa kazini Likasi, na mdogo wangu, ambaye hajawahi kushika pasi ya kulehemu, alifungua kopo, akafuata daftari waya kwa waya, na jioni alinitumia video ya COM 1 ikiwaka 118 na akiwa anaomba kuruka Luano.